Pasipoti Nimwonyeshe Nani?

Loughborough, 2 Julai 2013

Kaka Malachy,

Kaa chini kwanza. Orla anaolewa! Jumamosi ya tarehe tano Oktoba, hapa hapa kanisani kwetu, na yule kijana Gareth niliyekwambia, fundi wa boila za kupashia nyumba joto, mrefu mpaka anainama kila mlango wa nyumba hii. Ningekupigia simu, lakini nakujua. Kwenye simu unasema "ndiyo, ndiyo, haya," halafu unakata kabla sijamaliza. Barua angalau utaisoma mara mbili.

Sasa jambo lenyewe. Baba yake, Clive wangu, alituacha, mwaka wa nne huu. Orla amesema hataki kusindikizwa na baba mkwe wala rafiki wa familia. Anakutaka wewe. Anasema mjomba ndiye aliyemfundisha kukamua, kwa hiyo mjomba ndiye atakayemshika mkono hadi altareni. Mimi sikumwambia aseme hivyo, ni maneno yake.

Ndege inaruka kutoka Knock, hapo kwenu Ayalandi, mpaka huku kwetu Uingereza. Kutoka mlangoni kwako hadi uwanjani unafika chai yako ikiwa bado ya moto. Niambie ndiyo, nikate tiketi.

Dada yako,
Attracta


Kilkelly, 11 Julai 2013

Dada Attracta,

Nimefurahi sana. Mpe Orla pongezi zangu, na huyo mrefu pia.

Ila Oktoba ni mwezi mbaya. Ng'ombe wawili wanatarajia kuzaa, na yule mwekundu safari iliyopita alinitesa siku nzima. Sina mtu wa kumwachia. Pasipoti pia sina, sijawahi kuwa nayo, na nasikia siku hizi ndege hazikuchukui bila hiyo. Goti nalo bado linasumbua.

Nitawatumia zawadi nzuri. Msindikizaji hatakosekana, hapo kanisani kwenu mmejaa watu wazuri.

Mvua imetuacha kidogo, tumepata kukata majani. Yule mbwa mpya ni mjinga lakini ana moyo mzuri.

Malachy


Loughborough, 16 Julai 2013

Malachy,

Ng'ombe! Mwaka sabini na tisa, mimi nilipoolewa, ilikuwa ng'ombe pia. Nilisimama mlangoni mwa kanisa nimevaa shela, padri anatazama saa, Clive ananiambia "tumsubiri kidogo tena," na wewe hukutokea. Wiki moja baadaye ikaja barua yako: ng'ombe aliugua. Nikameza. Clive alipokufa ukatuma kadi ya misa, ukasema theluji imekuzuia. Nikameza tena.

Kila kiangazi tulikuja kwako. Clive alikutengenezea uzio wote wa upande wa mto, na wewe ulimtendea kwa adabu, ndiyo, adabu ile unayompa daktari wa mifugo. Hujawahi hata mara moja kuvuka maji kuja nyumbani kwangu.

Basi leo sema. Sema kwamba hukupenda niolewe na Mwingereza, na kwamba hutaki kumshika mkono binti wa Mwingereza. Nina miaka sitini na moja, nitalia nitanyamaza. Ila usiniletee ng'ombe tena.

Attracta


Kilkelly, 28 Julai 2013

Dada yangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi, na karatasi zote zimeingia jikoni motoni.

Clive nilimpenda. Sikujua namna ya kumwambia. Kwetu huku mtu akikutengenezea uzio unamtengenezea chai, na chai nilimtengenezea.

Mwaka ule sikubaki nyumbani. Nilikuja. Nilipanda meli na suti mpya kwenye sanduku, ile ya kijivu, na mkate wa magadi ambao mama alikuokea, umefungwa kwenye taulo. Ulikuwa wakati mbaya, unakumbuka, watu wa kwetu wakitega mabomu Uingereza, na kila mwenye matamshi yetu akishuka melini alitazamwa. Mimi wakaniita pembeni. Unatoka wapi? Unakwenda kwa nani? Huyo dada anaishi mtaa gani? Nilikuwa nimeandika anwani yako kwenye kikaratasi, nikakikosa mfukoni. Nikababaika. Nilikuwa na miaka thelathini, sijawahi kulala nje ya jimbo letu la Mayo, na polisi wawili wananiuliza kama najua maana ya neno hili na lile. Sikujua hata moja.

Wakanitia kwenye chumba. Wakaniambia nivue nguo. Zote, Attracta. Mkate wa mama waliukata vipande vidogo vidogo wakatafuta ndani yake. Siku ya pili jioni wakafungua mlango, wakaniambia naweza kwenda, kama vile mtu anavyomwambia mbwa. Harusi ilikuwa imekwisha asubuhi ile. Suti ilikuwa imekunjwakunjwa. Nikarudi na meli iliyofuata, nikamwambia mama kwamba harusi ilikuwa nzuri sana, nawe nikakuandikia ng'ombe. Mama alikufa akiamini nilikuwepo.

Sasa umejua. Hivyo unavyosema kuhusu Clive, usiseme tena.

Malachy


Loughborough, 2 Agosti 2013

Kaka yangu, kaka yangu,

Nimelia mpaka jirani amekuja kugonga kuuliza kama kuna msiba. Miaka yote ile nimekubebea kinyongo, kumbe ulikuwa umeshavuka maji, umefungiwa bandarini! Mama aliniuliza kwenye simu, "Malachy alipendeza?" nikadhani anachanganyikiwa. Nikamjibu ndiyo, alipendeza sana, ili nisimwumize. Kwa hiyo tulimdanganya sote wawili, na uwongo wetu ukalingana.

Nisikilize sasa. Mambo yale hayapo tena. Ukishuka kwenye ndege kutoka Ayalandi hakuna anayekuuliza kitu. Nakuapia. Hakuna meza, hakuna polisi kwenye kibanda, hakuna muhuri. Sisi na wao tuna makubaliano ya zamani, mtu wa huku anakwenda kule na wa kule anakuja huku. Unapita kwenye ujia, unaona mlango, unatoka, mimi niko nje na mwavuli. Kisheria hata pasipoti hudaiwi, ni wenye ndege tu wanaotaka kitambulisho chenye picha. Lakini omba pasipoti, uepuke mabishano.

Ukaguzi pekee ni huko kwenu unapoondoka, ule wa kutafuta visu na chupa za maji. Na huko Knock nani atakukagua? Kijana wa Tommy Gaughan! Mama yake aliniambia amepata kazi pale. Na yule msichana wa duka la mbegu naye yupo. Utakuwa kama uko nyumbani, watu unaokaa nao kanisani kila Jumapili ndio watakaokupapasa. Uoga wa nini tena?

Tiketi nimeshakata. Imo humu. Suti usinunue, nitakushonea mimi, niliacha kiwanda cha nguo lakini mikono haijaacha. Nitumie vipimo vya kiuno.

Dada yako anayekupenda,
Attracta


Kilkelly, 10 Agosti 2013

Attracta,

Nitakuja. Pasipoti nimeomba. Jirani atalisha ng'ombe.

Lakini Knock sitapanda. Nitapandia Dublin. Badilisha tiketi, tafadhali, na usiniulize. Suti nitanunua mwenyewe, vipimo sitatuma.

Malachy


Derby, 19 Agosti 2013

Mjomba mpenzi,

Mimi Orla. Mama hajui kwamba nakuandikia, kwa hiyo ukijibu, jibu kwenye anwani hii ya Derby.

Mama amechanganyikiwa. Anatembea nyumbani akiongea peke yake: "Dublin! Dublin ya nini! Ana uwanja mlangoni, anataka kuvuka nchi nzima kwa basi!" Gareth anasema labda una mwanamke Dublin. Mama akasema, "Malachy? Na mwanamke?" akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Samahani, lakini alicheka kweli.

Ameniambia habari ya mwaka sabini na tisa. Sikujua. Nilikuwa nataka kuja huko nikukumbatie tu.

Nilitaka kukwambia hivi. Kama safari hii inakutia hofu ambayo huwezi kumwambia mama, usije. Nitakupenda vilevile. Nitatembea peke yangu, kanisa letu ni fupi. Lakini kama ipo njia yoyote, nakutaka wewe. Baba aliniambia akiwa hospitali, "Siku yako ikifika, mwombe Malachy. Atakataa. Mwombe tena." Kwa hiyo hii ndiyo mara ya pili.

Mpwa wako,
Orla


Kilkelly, 27 Agosti 2013

Orla,

Baba yako alikuwa mtu wa maneno machache na karibu yote yalikuwa na maana.

Nakwambia wewe jambo ambalo mama yako hajui. Kukwambia wewe ni rahisi kidogo, hukunijua nikiwa na kamasi. Ile miezi ya mwaka jana niliyosema niko hospitali Galway kwa ajili ya goti, halikuwa goti. Ilikuwa saratani ya utumbo. Wameikata yote, vipimo ni vizuri, daktari ameridhika kuliko mimi. Lakini kuna sehemu ya utumbo ambayo haikuweza kuunganishwa tena. Wakanitoboa hapa ubavuni, na choo kinatokea hapo, kinaingia kwenye mfuko uliobandikwa juu ya ngozi. Naubadilisha mwenyewe. Hauonekani ukivaa shati pana, na haunuki, ingawa mimi nadhani siku zote unanuka. Ndiyo maana kanisani nakaa nyuma kabisa karibu na mlango.

Jirani hajui. Padri hajui. Mbwa anajua.

Sasa mama yako ananiambia nifurahi kwa kuwa kijana wa Gaughan ndiye atakayenipapasa tumboni. Kijana niliyemwona akibatizwa! Atagusa pale, atauliza, "Malachy, hiki nini?" na yule msichana wa duka la mbegu amesimama hatua mbili. Jumapili kanisa zima litanitazama kwa huruma. Orla, polisi wa zamani walinivua nguo, lakini sikuwaona tena. Gaughan nitamwona mpaka nife.

Ndiyo maana nataka Dublin. Nikaguliwe na mtu nisiyemjua, ambaye hatajua shamba langu liko wapi.

Usimwambie mama yako kabla ya harusi. Atanipikia uji na kunitazama. Nitamwambia mwenyewe baadaye.

Nakuja.

Mjomba Malachy


Derby, 31 Agosti 2013

Mjomba,

Siri yako iko kwangu, hata Gareth sijamwambia. Nimekuulizia kwa watu wa uwanja. Ukifika kwenye ukaguzi unamwambia mkaguzi mapema, kabla hujapita kwenye ule mlango wa mashine, kwamba una mfuko tumboni na unataka chumba cha faragha. Wanaruhusiwa kukupa, na huvui chochote. Beba mifuko yako ya akiba mkononi, usiitie kwenye sanduku.

Ila mjomba, mwaka mzima ulipita kwenye hayo peke yako? Nikifika altareni nitakubana mkono mpaka uumie.

Orla


Loughborough, 11 Oktoba 2013

Kaka,

Nyumba imekuwa kimya tangu uondoke. Nimeosha ile sufuria kubwa, nimekula keki ya harusi kwa chai siku zote hizi, na nimekuwa nikicheka peke yangu.

Nacheka nikikumbuka ulivyotoka pale uwanjani. Milango inafunguka, watu wanatoka wakikimbilia mabasi yao, halafu wewe, suti ya bluu, beji ya kijani na nyekundu kifuani, pasipoti umeifungua kwenye picha na kuishika kwa mikono miwili kama mtoto anayeleta ripoti ya shule. Hukunisalimu hata! Ukaniuliza, "Pasipoti nimwonyeshe nani?" Nikakwambia hakuna wa kumwonyesha, umeshafika. Ukageuka ukataka kurudi ndani, ukisema huenda umepita njia ya mkato na watakuja kukufuata. Nikakushika koti. Watu wote walikuwa wanatutazama, nami sijali.

Halafu kanisani. Nilikuwa mstari wa mbele, sikutaka kugeuka, nikageuka. Ulikuwa unatembea polepole kuliko kinanda, na mpigaji akalazimika kurudia wimbo. Orla alikuwa amekushika kama mtu anayeogopa kuanguka kwenye barafu. Nikaona midomo yako inasogea. Nimemwuliza ulikuwa unamwambia nini, anakataa kusema.

Na Jumapili asubuhi pale jikoni. Malachy, nilikurushia kitambaa cha vyombo na sijutii. Kufanyiwa upasuaji kama ule, ukaamka bila mtu wa kukupa maji, na mimi huku natuma kadi ya "pole kwa goti"! Nilikuwa na hasira ya kutosha kuwasha taa za mji mzima. Ila baadaye, uliponionyesha mfuko wako jinsi ulivyo, nami nikakuuliza maswali yangu yote ya kijinga, nawe ukajibu kila moja huku unatafuna mkate, nikajisikia kama tulivyokuwa watoto, tukitazamana vidonda magotini.

Niandikie. Na kaa katikati ya kanisa.

Attracta


Kilkelly, 14 Oktoba 2013

Orla, bibi harusi,

Uliniambia nikuandikie habari ya ukaguzi wa Dublin, kwa sababu siku ya harusi hapakuwa na nafasi. Natumai huko mlikokwenda kuna jua. Haya.

Nilipanga foleni. Viatu mkononi, mkanda mkononi. Mbele yangu mama mmoja ananyang'anywa jamu, anabishana kwamba jamu si maji. Nikafika kwa jamaa mmoja mkubwa, kichwa kipara, mikono kama makasia. Nilikuwa nimejifunza maneno yako kwa moyo, yakanitoka yote mara moja kama njugu: "Nina mfuko tumboni nimefanyiwa upasuaji nataka chumba."

Akasema, "Haya mzee. Twende."

Hivyo tu. Hakupunguza sauti wala hakuipandisha. Akamwita mwenzake, tukaingia chumba kidogo chenye viti viwili. Orla, mlango ukafungwa. Nilikiona kile chumba kingine, cha mwaka sabini na tisa. Nikaanza kufungua vifungo vya shati bila kuambiwa.

Akasema, "Hapana, hapana, funga shati lako, baba. Sitaki kuona tumbo lako, nimetoka kula." Kisha akaeleza: nipapase mfuko mimi mwenyewe, juu ya shati, halafu yeye anifute viganja kwa kitambaa, na kitambaa kiingie kwenye mashine inayonusa baruti. Nikapapasa. Akafuta. Tukasimama watatu tukiitazama mashine kama watu wanaosubiri maji yachemke.

Ndipo akaona beji yangu kifuani. Rangi za timu ya Mayo. Na unakumbuka fainali ya mpira wetu wa Kiayalandi ilikuwa juzijuzi tu, tarehe ishirini na mbili Septemba, sisi na Dublin, wakatufunga kwa pointi moja.

Akasema, "Ah. Mayo."

Nikasema, "Ndiyo, Mayo."

"Pointi moja," akasema.

"Mungu anakuona," nikamwambia.

"Mara ya mwisho mlichukua kombe lini vile? Hamsini na moja?"

"Unajua vizuri ni lini."

"Mimi nakwambia, mzee, siku mtakayochukua tena, mashine hii itakuwa inanusa watu mwezini."

Mwenzake akasema, "Mwache mzee wa watu, ana ndege."

"Namwacha vipi? Nimepata mtu wa Mayo ndani ya chumba kilichofungwa! Nitampata wapi mwingine?"

Nikacheka. Sijui kilitoka wapi kicheko kile. Nilicheka mpaka nikashika ubavu, nikahisi mfuko unatikisika chini ya mkono wangu, na sikujali. Tangu hospitali kila anayejua, madaktari na wauguzi, wananisemesha kama yai. Huyu alinitukana kama mtu mzima mwenye timu mbovu. Mashine ikatoa taa ya kijani, akanifungulia mlango, akaniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia namsindikiza mpwa wangu altareni. Akanipa mkono. Akasema, "Basi tembea polepole. Mimi nilimkimbiza wangu, nikajuta."

Ndiyo maana nilitembea vile. Mwambie mpigaji kinanda anisamehe.

Jambo moja zaidi, nalo ni la siri kidogo. Kule Uingereza nilikuwa nimeandaa majibu. Natoka Kilkelly. Nakwenda kwa dada yangu. Anaishi mtaa fulani, nyumba namba fulani. Ninakuja harusini. Nilikuwa nimeyarudia angani safari nzima mpaka jirani yangu wa kiti akahamia dirishani. Halafu hakuna aliyeniuliza! Ujia mtupu, mama mmoja tu anapiga deki. Yote niliyoyabeba, sina wa kumpa. Nikamsimamia yule mama nikamwambia, "Nakwenda harusi ya mpwa wangu." Akaegemea fagio lake akasema, "Hongera sana, bata wangu." Bata! Mama yako anasema huko ndivyo wanavyoitana wote. Basi mimi nikahesabu kwamba nimeulizwa, nimejibu, na nimekaribishwa.

Yale niliyokunong'oneza tukitembea yabaki kati yetu. Mama yako ameshaanza kuchimba.

Mjomba wako,
Malachy


Loughborough, 4 Desemba 2013

Kaka Malachy,

Hili sikutaka kukwambia mpaka nijue mwisho wake. Sasa najua, kwa hiyo usiogope, soma mpaka chini.

Huku mtu akifikisha miaka sitini wanamtumia kwa posta kifurushi cha kupima choo. Unachukua kidogo kwa kijiti, unarudisha, wanatazama kama kuna damu. Mimi nililetewa mwaka jana. Nikasema hapana, huu ni uchafu, nikakitia kwenye droo chini ya vitambaa vya meza. Wakaleta barua ya kukumbusha, nikaichana.

Uliporudi kwenu, niliivuta ile droo. Nikakaa nayo. Nikafikiri, kaka yangu amesimama jikoni kwangu na kunionyesha ubavu wake, nami naona haya mbele ya kijiti. Nikafanya. Wakaniita hospitali. Wakaingiza kamera yao, sitakueleza, wewe unajua. Wakamkuta huko ndani mgeni, kinyama kidogo kama harage, wakakikata papo hapo. Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya upole, aliniuliza kama kuna mtu kwenye familia aliyewahi kuugua. Nikasema ndiyo, kaka yangu, baba mmoja mama mmoja. Akaandika. Majibu yamekuja jana. Hakikuwa kibaya. Akasema kingeachwa miaka michache kingekuwa kingine kabisa.

Hayo ndiyo. Niko salama. Watanitazama tena baadaye, kwa sababu ya ugonjwa wako.

Nimewaza sana, Malachy. Kama ungepanda Knock ukapita bila kuguswa, ukaja ukacheza ukaondoka, usingeniambia. Nakujua. Ungesema goti linaendelea vizuri, na kijiti changu kingebaki kwenye droo.

Orla anakuja kunipikia Jumapili. Mungu atusaidie, hajui kupika.

Attracta


Kilkelly, 9 Desemba 2013

Dada,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama getini, mtu wa posta bado hajageuza gari. Nikaisoma tena zizini. Kisha nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikalia, ng'ombe wananitazama. Yule mwekundu, ambaye Oktoba nilimsingizia tu, alizaa wiki iliyopita bila kunihitaji hata kidogo, mtoto jike, mweusi tii.

Nakuja Alhamisi. Usikatae. Tiketi nimekata mwenyewe, mtoto wa jirani hakunisaidia ila kunitajia herufi. Na napanda Knock. Nilimwona kijana wa Gaughan nje ya duka, nikamwambia pale pale, mkononi ana soseji ndani ya mkate: "Alhamisi utanikagua, nina mfuko tumboni, nilikuwa na saratani." Akatafuna akameza. Akasema, "Sawa, Malachy. Njoo upande wangu, yule mwingine ana mikono ya baridi." Akaendelea kula. Nilitembea nyumbani nikijiuliza nimelala nje kwenye mvua mwaka mzima kwa ajili ya nini.

Orla atanipokea uwanjani, wewe kaa ndani kwenye joto. Naleta nyama ya nguruwe ya chumvi na kabichi, nitapika mimi, mwambie apumzike.

Nitakaa wiki mbili. Unaweza kuuliza tutafanya nini muda wote huo, bila harusi, bila msiba, bila uzio wa kutengeneza. Sina mpango wowote. Tutakaa tu. Tangu tulipokuwa wadogo hatujawahi kukaa tu, mimi na wewe.

Kaka yako,
Malachy